Sadaka hupanda mavunoni, masika hushuka: msikiti upangeje matumizi?

Swali: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mweka hazina wa msikiti wilayani Chemba. Wakati wa mavuno ya alizeti na mtama sadaka ya Ijumaa hufika shilingi 90,000. Miezi mingine ni 30,000 tu. Kamati imepitisha matumizi ya 340,000 kwa mwezi: posho ya ustadhi (mwalimu wa madrasa) 200,000, umeme 60,000, maji 40,000, usafi na ukarabati 40,000. Nilipohoji nikaambiwa sina tawakkul, yaani simtegemei Mungu. Wengine wanataka upungufu tuuazime kwenye mfuko wa zaka. Tufanyeje?

Jibu: Waalaykumus salaam warahmatullah. Naona kamati ilizidisha 90,000 kwa Ijumaa nne, ikapata 360,000, ikafurahi. Lakini mavuno si mwaka mzima. Katika Ijumaa 52, tuseme 17 ni za mavuno: 1,530,000. Zile 35 zilizobaki zinaleta 1,050,000. Jumla ni 2,580,000. Gawa kwa 12, unapata 215,000 kwa mwezi. Mmejifunga kutumia 4,080,000 kwa mwaka, basi pengo ni 1,500,000.

Na hata hiyo 215,000 haipatikani msipoweka akiba. Miezi minne ya mavuno tumieni 860,000, na 670,000 zisiguswe mpaka masika. Aliyekwambia huna tawakkul arudi Suratu Yusuf, aya ya 47 na 48: Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliagiza mavuno ya miaka saba yaachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula, kwa ajili ya miaka saba migumu. Mkulima wa Chemba akimaliza mtama wake wote Agosti, hatusemi ana tawakkul!

(Ramadhani nayo msiipangie mwezi mmoja wa kalenda ya ukutani. Mwaka wetu wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11. Ikiangukia masika, msitarajie futari na sadaka za msimu wa mavuno.)

Zaka msiiguse. Aya ya 60 ya Suratu Tawba imetaja wanaostahiki, aina nane, na kwa wanazuoni walio wengi umeme wa msikiti haumo. Kuiazima ni kuwachelewesha wenye haki yao, na masika ndipo njaa inapowabana. Ustadhi akiwa fakiri apewe fungu lake kama fakiri, lakini lisihesabiwe kuwa posho. Wekeni daftari mbili na visanduku viwili, kila kimoja na ufunguo wake.

Linabaki pengo la 125,000 kwa mwezi. Msikimbilie kumpunguzia ustadhi. Ana watoto wa kulisha. Itisheni wazazi wa madrasa: wakiwa 50, ni 2,500 kila mmoja. Asiye na kitu asamehewe, na anayeweza kulipa ya mwaka mzima akishauza alizeti apokewe. Wasomeeni hesabu yote kwanza, pamoja na hilo pengo, kabla hamjataja mchango.

Wallahu a'lam.