Tiba mbadala kwa jeraha la uti wa mgongo: kidole changu na daftari la mama

Dada, pole sana wewe na kaka yako. Umesema aliumia uti wa mgongo kwenye pingili ya 6 ya kifua miezi minne iliyopita, na mkono wa kushoto umelegea tangu siku ya ajali. Umesoma tafiti za manjano na sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani, na unauliza kama asimamishe mazoezi ya viungo kwanza ili dawa zifanye kazi. Mimi si daktari, ni mgonjwa mwenzake. Mazoezi asiyaache hata siku moja.

Nianze na mkono, maana ndio ulionishtua. Jeraha la katikati ya kifua halilegezi mkono. Huenda neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zilivutwa au kukatika siku ileile, na hilo ni jeraha jingine lenye saa yake. Neva ya nje ya uti inaweza kuota upya, lakini huota kama milimita 1 kwa siku. Kutoka begani hadi kwenye vidole ni safari ya zaidi ya mwaka, na msuli uliokaa mwaka au mwaka na nusu bila neva huwa haupokei tena. Ndiyo maana wapasuaji wa neva hupenda kumwona mgonjwa kabla ya miezi 6 kuisha. Wiki hii ombeni rufaa. Mitishamba inaweza kusubiri, mkono hauwezi.

Sasa tafiti. Niliumia pingili ya 5 ya kifua, jeraha lisilo kamili, yaani ujumbe kiasi ulikuwa bado unapita. Mwezi wa tatu nikaanza kuchomwa sindano za Kichina, na wiki moja baadaye kidole gumba cha mguu wa kulia kikacheza. Tulilia nyumba nzima. Kwa zaidi ya mwaka nilimwambia kila mgonjwa niliyekutana naye kwamba sindano ndizo zilizoniamsha, na wapo waliotoa akiba zao kwa sababu ya maneno yangu. Siku moja nikafungua daftari la mama. Alikuwa akiandika kila kitu: saa za kunigeuza, kiasi cha mkojo, homa. Katikati ya ukurasa mmoja ameandika: "Kidole gumba kulia kimetikisika usiku, au macho yangu?" Nikaangalia tarehe. Ilikuwa siku 9 kabla ya sindano ya kwanza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini shuhuda ni nyingi hivi. Kwa mwenye jeraha lisilo kamili, sehemu kubwa ya nguvu anazorudisha hurudi katika miezi 6 ya mwanzo, na polepole zaidi hadi mwaka na kitu. Chochote atakachotumia katika kipindi hicho kitapewa sifa. Ukisoma utafiti, tafuta kama kulikuwa na kundi la pili lililoumia vilevile, wakati uleule, bila kupewa dawa. Kama halikuwepo, wanakusimulia kidole changu tu.

Na ukikuta ni panya, angalia alipewa dawa lini. Tafiti nyingi za kurkumini, ile iliyomo kwenye manjano, humpa panya dawa dakika au saa chache baada ya kuumizwa. Kaka yako yuko mwezi wa nne. Tena kurkumini ikimezwa, kiasi kidogo sana ndicho hufika kwenye damu. Manjano ya kwenye chakula endeleeni kula kama kawaida, lakini vidonge vyake vyenye nguvu msimpe kabla ya kumwambia daktari, hasa kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Vitamini nayo si maji: mwaka 1983 madaktari waliripoti watu walioharibikiwa neva za hisia kwa kumeza gramu 2 hadi 6 za B6 kwa siku. Mtu anatafuta neva, anaziua.

Sindano sizitukani. Kwa yale maumivu ya kuungua na kuchoma ambayo wenye ganzi tunayajua, mimi zilinipa usingizi, na zipo tafiti za watu zinazoonyesha nafuu ya maumivu, ingawa nyingi ni ndogo. Kutembea ni habari nyingine. Na mkiahidiwa kwa malipo seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukua kuwa za aina nyingine, mjue kuna mwanamke mwenye jeraha la uti aliyepandikizwa seli za pua mgongoni. Miaka 8 baadaye, kama madaktari wa Marekani walivyoripoti mwaka 2014, walimtoa uvimbe uliokuwa ukitengeneza ute kama makamasi.

Kinachonitisha zaidi ni kukanda. Mjomba alinikanda kwa maji ya moto yenye majani, akipima joto kwa kiganja chake kilichozoea moto, huku tukipiga soga. Sikuhisi lolote. Alipoondoa kitambaa, ngozi ya kisigino ikaja nacho. Miezi minne kidonda hakikufunga, na miezi hiyo yote sikuweza kufanya mazoezi ya kusimama. Mguu mmoja ukivimba, msiuchue kabisa. Huenda damu imeganda. Na kwa sisi wa pingili ya 6 kwenda juu, maumivu tusiyoyahisi yanaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinapasuka, uso unatoa jasho. Hapo mkalisheni wima, mlegezeni nguo, angalieni kama mpira wa mkojo umejikunja, na iteni msaada wa dharura.

Nunueni daftari leo. Andikeni tarehe, kiungo kipi kimecheza, mara ngapi, nani ameona, na siku kila dawa ilipoanza. Ukienda kwa mpasuaji wa neva, nenda nalo, kisha rudi uniambie amesema nini kuhusu mkono.