Nikiwasha VPN, nani bado ananiona?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, niko Mafinga. Wenzangu ofisini wanasema serikali inasoma meseji zetu za WhatsApp na dawa yake ni VPN. Nimepakua moja ya bure. Je, sasa nimejificha?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hujajificha. Umebadilisha tu mtu wa kumwamini.

Chukulia unatuma mzigo kwa basi kuja Mbeya. SMS ya kawaida ni karatasi iliyokunjwa unayomkabidhi konda, yaani kampuni ya simu. Akitaka kuisoma, anaisoma. Meseji ya WhatsApp ni bahasha iliyofungwa: tangu 2016 inafungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa kwenye simu ya mwenzako, na kampuni ya simu haina ufunguo. Inachoona ni kwamba umetumia WhatsApp, saa ngapi, na kiasi gani cha data. Unaongea na nani, hilo wanalijua WhatsApp wenyewe.

VPN ni programu inayopitisha intaneti yako kwanza kwa kampuni nyingine: ni kuitia bahasha yako ndani ya bahasha nyingine yenye jina la mtu wa Uyole, ambaye ndiye mwenye VPN. Konda hajui tena mzigo unaishia wapi, ila mtu wa Uyole anajua vizuri. Na huyo anakubebea bure, sasa mshahara wake anautoa wapi?

Kuna ambayo VPN haiyagusi kabisa. Laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Ukisafiri Mafinga hadi Makambako, simu inaruka mnara hadi mnara, na kampuni inajua umeshika upi. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kuamuru apewe taarifa za aina hiyo kwa ajili ya upelelezi. Halafu mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, kwa hiyo hiyo ya kwako ya kimyakimya inaweza kukuletea maswali mapya.

Ila nikwambie ninayokutana nayo mezani. Kuna mama muuza mchele aliniletea simu hapa Mwanjelwa, anaapa anafuatiliwa na wakubwa, maana kila bei anayopatana na wateja wake inavuja. Nikafungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kulikuwa na kompyuta moja, na ilikuwa imetumika asubuhi ileile. Mama akaitazama muda mrefu. Miezi mitatu nyuma alikwenda stationery kuprinti kibali; kijana akamwambia askani msimbo kwenye skrini ili faili lifike upesi, na hakuna aliyekumbuka kuondoa. Nikabonyeza kuondoa. Akaniuliza kama stationery zinafungwa saa ngapi.

Kwa hiyo mwalimu, anzia hapo: kifaa usichokitambua, kiondoe. Kisha weka ile PIN ya tarakimu sita ya WhatsApp, ya uthibitishaji wa hatua mbili, ili mtu akiinasa laini yako asifungue WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Jambo la tatu wengi hawalijui. Meseji zimefungwa, sawa, lakini nakala yake inayopanda Google Drive kila usiku haifungwi hivyo mpaka wewe mwenyewe uwashe ufungaji huo kwenye mipangilio ya nakala za chati. Upo tangu 2021. Nywila yake iandike mahali, kwa sababu ukiisahau hata mimi sina la kukusaidia.

Kuhusu haki zako: faragha ya mawasiliano imo kwenye Ibara ya 16 ya Katiba, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023. Ofisi au duka likisambaza taarifa zako hovyo, ipo Tume ya kulalamikia.

Hiyo VPN ya bure ifute. Halafu piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika waifute.