Presha ya macho haingoji uone vibaya

Nikipewa zile herufi za ukutani, nazisoma mpaka mstari wa chini. Na bado nina glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho. Nilifuata miwani ya kusomea tu. Daktari akachungulia nyuma ya jicho, akaona mshipa wa fahamu umeanza kuliwa.

Jicho hutengeneza maji na kuyatoa muda wote. Yakikosa njia, presha hupanda na kuukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida presha ya jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ila wapo ambao mshipa unaharibika hata presha ikiwa humo humo. Kwa hiyo ukipimwa presha, omba na mshipa uangaliwe. Kilichonishtua zaidi ni kipimo cha upeo wa kuona: unaegemeza kidevu, jicho moja limefunikwa, unabonyeza kitufe kila ukiona kinukta cha mwanga. Nikadhani mashine imekwama. Kumbe nukta zinawaka pembeni, nisikoona! Ukiwa umefungua macho yote mawili, moja humfichia mwenzake aibu.

Kilichopotea hakirudi. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji ukaona tena. Kwa glakoma, dawa inazuia tu hasara isiongezeke. Ndiyo maana wengi huacha matone: hawaoni nafuu yoyote. Usiisubiri hiyo nafuu, we endelea kutia.

Vuta kope la chini, dondosha tone moja (la pili linamwagikia shavuni bure), fumba jicho bila kulikaza, kisha bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, dawa isiteremke puani. Dawa zikiwa mbili, zipishane dakika 5. Mwenye pumu amwambie daktari mapema, maana timolol, mojawapo ya matone ya glakoma, inaweza kumbana kifua. Na matone ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ya kujinunulia tu, yaogope: yakitumika muda mrefu, yenyewe huleta glakoma.

Ukifika miaka 40, kapime. Wenye asili ya Afrika glakoma huwapata mapema na kwa ukali zaidi, na ukiwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye tatizo hili, usingoje hata huo umri. Mimi niliwasumbua ndugu zangu kwa simu mpaka wakaenda. Yule mbishi kuliko wote ndiye aliyekutwa nayo.

Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika juu yake, hiyo ni aina nyingine ya glakoma. Nenda hospitali usiku huohuo.