Jibu: Simba wa MGM si mmoja

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini simba wa MGM (kampuni ya filamu ya Marekani), yule anayetokea mwanzoni mwa filamu, kwenye mkanda wa mzee wako hafanani na huyu wa sasa, na kama anaweza kukuonyesha filamu ni ya lini. Anaweza, kwa kukadiria.

Kwanza angalia kama ananguruma. Slats, simba wa tangu kampuni tatu zilipoungana kuwa MGM mwaka 1924, anatazama huku na huku tu. Filamu zilikuwa bubu. Akinguruma kwenye picha nyeusi na nyeupe, mara nyingi ni Jackie, aliyeanza 1928. Mngurumo wake wa kwanza watu waliusikia kupitia santuri! Tanner ndiye wa filamu za rangi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1956. Halafu Leo (jina lake hilo, si leo ya kalenda), manyoya mafupi shingoni, kashika nafasi tangu 1957. Mwaka 2021 wakamtengeneza upya kwa kompyuta.

Mimi niliwahi kuingia mkenge: nakala zilizotolewa upya huweza kubandikwa simba mpya. Kwa hiyo soma pia zile namba za Kirumi za mwaka chini ya jina la filamu. Zimekaa sekunde chache tu, simamisha picha.