Paa bapa linalovuja: anza na maji, si na lami

Ndugu yangu, umeuliza kama ubandike shuka jipya la lami, lile tabaka la kuzuia maji, juu ya lile lililochoka kwenye jengo lako la maduka pale Ngara, au uezeke mabati juu ya slabu, yaani zege la paa. Kabla ya kununua chochote, panda juu baada ya mvua uone maji yanatuama wapi. Yakituama, kosa ni la mwinamo, na shuka halitaliponya. Fundi asawazishe kwanza kwa saruji na mchanga, mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila sentimita 80 kuelekea tundu la kutolea maji.

Mimi ningebandua la zamani. Najua gharama inauma, lakini unyevu ulionaswa katikati hugeuka mvuke jua likiwaka, na shuka jipya hufanya malengelenge. Slabu ikikauka, ipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza lami, kisha libandikwe kwa moto shuka la milimita 4 lenye changarawe juu, maana jua la Nairobi hupasua lami iliyoachwa wazi. Mashuka yapishane sentimita 10 na yapande ukutani sentimita 15. Pale kwenye kona ndipo mapaa mengi huanza kuvujia, kwa hiyo simama na fundi wewe mwenyewe.

Mabati yanafaa pia, ikiwa hutaongeza ghorofa.

Kazi ikiisha, zibeni matundu, mjaze maji kina kidogo kwa saa 48, ukague dari za chini ndipo ulipe salio. Fanya haya Januari au Februari, kabla ya masika.