Kaka analala garini, atamwonaje daktari?

Pole sana, dada. Umeuliza kama kaka yako, aliyetumikia jeshi la Marekani na sasa analala garini, anaweza kutibiwa kwa video ilhali hana hata bando. Anaweza.

VA, idara ya wanajeshi wastaafu, huwaazima tableti yenye intaneti wagonjwa wasio na kifaa wala mtandao. Ila haigawiwi dirishani: lazima awe ameandikishwa kwenye huduma zao za afya, kisha daktari wake au ofisa ustawi wa jamii amwombee. Aanze na 877-424-3838, laini ya wastaafu wasio na makazi, usiku na mchana. Tena asione haya. Aseme wazi kwamba analala garini, maana hapo anaweza kuunganishwa pia na HUD-VASH, mpango wa kusaidia kodi ya nyumba.

Siku ya miadi, video ikifunguka tu ataulizwa, "Uko wapi sasa hivi?" Wengine hushtuka na kukata. Si upelelezi, ni ili akizidiwa ghafla ambulansi ijue pa kwenda. Basi awe na jina la barabara, au la duka alilopaki mbele yake. Tableti aichaji maktaba, avae spika za masikioni, apandishe vioo.

Mimi nisingetegemea video kwa kila kitu. Kidonda au jino, aende kliniki. Na usiku mawazo yakimlemea, apige 988 kisha abonyeze 1, laini ya msaada wa dharura kwa wanajeshi wastaafu. Huko hata kuandikishwa VA si lazima.