Mtoto na TV: jiko lako linatosha

Dada yangu, umesema mwanao wa miaka 3 anashinda kwenye TV na hela ya midoli huna. Pole, ila jiko lako linatosha kabisa. Chukua unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji tia kidogo kidogo mpaka ukandike kama wa chapati, usinate, halafu gawa, donge moja weka manjano, lingine maji ya choya (yale maua mekundu ya rosela) yaliyochemka yakapoa, basi una rangi 2 bila kwenda dukani. Mwache afinyange anavyotaka. Wangu hapa Tanga tukitoka ufukweni Raskazone anarudi na makombe mfukoni, anayagandamiza kwenye unga tunaanika juani siku 2 au 3, vinakauka vigumu kabisa. Ila asile jamani, chumvi ile ni nyingi mno kwa mtoto, kaa naye hapohapo.

Kwenye kupika sasa mi naona ndo patamu zaidi. Siku ya chapati mpe kadonge kake na chupa asukumie, ikitoka ramani we ichome hivyohivyo na baba yake aile aisifie mbele yake, utaona furaha yake. Mchicha achambue, machungwa ya Muheza akamue yeye. Kisu na moto ni vyako, na mafuta ya kaimati yakiwa jikoni mtoto akae mbali kabisa. Atamwaga unga, ndiyo, tandika mkeka wa zamani na usimgombeze. Anza na unga Jumamosi hii, chapati wiki ijayo.